Nimeitwa Kushona Blanketi za Setilaiti, Nikanuna

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijajiaibisha mara ya pili, maana ya kwanza nimeifanya kwa ufundi mkubwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona makoti ya mvua na vifuniko vya viti vya gari, lakini tangu shuleni najiita mhandisi wa anga, na hata nilipofeli hesabu mara mbili nilisema msahihishaji ndiye mwenye matatizo. Basi karakana moja inayounda setilaiti ndogo ikatangaza mafunzo, nikaomba uhandisi, nikaitwa, nikajishonea koti jipya, mama mkwe akawatangazia majirani kwamba mkwe wake anakwenda mwezini. Mhandisi mkuu, mama wa makamo, akaniuliza swali moja la hesabu, nikamjibu kwa kirefu jambo ambalo hakuniuliza. Akanitazama, akazunguka meza, akashika pindo la koti.

"Nani kakushonea hili?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Dada, wahandisi ninao. Sina mtu wa kushona blanketi za setilaiti."

Mshauri, mimi nilisikia blanketi tu. Nikamwambia sikuja kutandika vitanda, nikatoka kwa madaha, nikafungua mlango, nikajikuta stoo ya mafagio, na kwa aibu nikakaa humohumo mpaka mfagizi alipokuja kuchukua ndoo. Jana yule mama kanipigia, nafasi ipo hadi Ijumaa. Mume wangu anasema nenda, mama mkwe anauliza naondoka lini, nami sijui nirudie mtihani wa hesabu mara ya tatu au nikubali kwamba ndoto yangu yote imeishia kwenye cherehani ileile.

Mhandisi wa Kujipachika

JIBU

Pole, mwanangu. Kukataliwa kunauma. Sasa pole imekwisha, nisikilize.

Umemfokea mtu aliyekuwa anakupa kazi, wala hukumuuliza blanketi hiyo ni ya nini! Mimi nimeuliza. Huko juu upande wa jua unaungua, wa kivulini unaganda, kwa hiyo chombo huvikwa tabaka nyembamba za plastiki inayong'aa, zinazokatwa na kushonwa kwa mikono ya watu. Mshono ukifumuka, hakuna fundi wa kupanda kuurekebisha. Wewe uliitwa kwa kazi ya anga, ukanuna kwa sababu unaiweza.

Mama mkwe mwambie ukweli leo: huendi popote, kitakachokwenda ni mishono yako. Hesabu usiiache, ila isome ukiwa ndani, kati ya watu wanaoijua, si chumbani ukigombana na msahihishaji.

Piga simu sasa hivi, usingoje Ijumaa. Omba radhi kwa sentensi moja, maana ukirefusha tunakujua. Uliza mafunzo ni ya muda gani, mkataba ukoje, na kama wanaruhusu mfanyakazi kusoma. Ukikata simu, kanoe mkasi.