Shemeji na redio ya gari la mama

Shoga, shemeji yangu mjuaji leo kaumbuka!

Kaja kupima redio ya gari la mama, ile ile ya tangu kiwandani. Kachukua funguo za gari kwa mama, kasikiliza dakika mbili, kakunja uso: "Mama, spika za nyuma zimekufa. Takataka hizi."

Hakuuliza mtu. Akabandua mlango mmoja wa nyuma, spika ilipo, akakata waya.

Mama machozi yakamlenga. Akamwita fundi redio wa jirani.

Fundi akazungusha kitufe kimoja tu, spika ya mlango wa pili wa nyuma ikalia mpaka kioo kikatetemeka. "Sauti yote ilielekezwa spika za mbele," akasema.

Kitufe, shoga! KITUFE!

Shemeji eti, "Hata hivyo ni za kizamani."

Mama akamjibu taratibu: "Mkwe wangu, nirudishie mlango, kisha nirudishie na funguo."