Vyombo Arobaini na Ghala Moja

Jumanne, 19 Agosti 2025

Mzee Cosmas kanipa jibu leo. Nusu jibu, kama kawaida yake. Ghala lake la mkonge hapa Kilosa, ambalo babu yangu alibeba marobota ndani yake mpaka mgongo ukapinda, litaenda kwa mtu mmoja tu kwa miaka kumi. Ama mimi na tamasha langu la ubunifu, ama yule mfanyabiashara wa mahindi. Ataamua siku ya mwisho ya tamasha, tarehe 14 Septemba; mwaka huu kaniazima ghala nilifanyie humo.

"Lijaze watu," kasema. "Magunia najua yatajaa. Watu je?"

Watajaa! Miaka minne nimeendesha tamasha chini ya maturubai, upepo ukitaka kutuvua nguo. Mwaka wa kwanza walikuja watu thelathini na mmoja, na kumi kati yao walidhani ni mnada. Sasa naandikiwa barua kutoka Dar. Mkurugenzi ni mimi, Imelda, binti wa kambi ya mkonge Kimamba. Naandika hivyo kwa herufi nene maana humu hakuna wa kuniambia najisifu.

Alhamisi, 21 Agosti

Vyombo vyote arobaini vimerudi kwa wenyewe. Tuliviazima mwezi uliopita tuvipige picha za katalogi — vibuyu vya maziwa vya Msowero, vikapu vya Kisanga, vyungu vya Kidete. Amon dereva kavirudisha leo. Kila kimoja kimefutwa vumbi, kimejazwa gazeti ndani kisivunjike, kina stika ya namba. Hata kimoja hakijapata ufa. Kazi safi! Ndivyo nilivyofundishwa kwenye ile kozi ya Dar. Tarehe 11 Septemba wenyewe watavileta tena kwa maonyesho.

Jumamosi, 23 Agosti

Hawaji.

Bibi Kishiwa wa Msowero, fundi wa vibuyu, kaghairi pamoja na wenzake kumi na mmoja. Halafu Kisanga wakaghairi. Kidete simu hawapokei. Na hakuna anayesema sababu!

Nikamsimulia Mama. Akaacha kupepeta mchele. Kauliza niliweka nini ndani ya vile vyombo. Nikasema gazeti.

"Gazeti! Umerudisha vyombo vya watu vitupu, Imelda? Arobaini?"

Ee Mungu wangu. Mimi! Tangu nina miaka mitano natumwa na bakuli la jirani, na sikuwahi kulirudisha bila hata ndizi mbili ndani. Bakuli la mtu halirudi tupu, hata kama una chumvi tu. Nani asiyejua? Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Na Mama hakunihurumia hata kidogo: "Elimu imeingia, adabu ikaipisha."

Jumanne, 26 Agosti

Msowero. Mimi, Mama, na gari lenye mchele, maharage, sukari, chumvi. Nyumba kwa nyumba.

Kwa Bibi Kishiwa — shikamoo. Marahaba. Wala hakunikaribisha kiti. Nikapiga magoti. Nikasema nimekosa, naomba nikijaze chombo chako. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akakikinga mwenyewe. Nikamimina mchele kwa woga.

"Mimina! Unalisha vifaranga?"

Nikamimina mpaka ukafika shingoni. Ndipo akacheka. Kasema watu wa ofisini kumbe wakishiba hurudisha namba. Stika bado ilikuwepo: 17. Atakuja, na wenzake watakuja. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

Njiani kichwa kikaanza kuchemka. Kila mwaka tunaleta majaji watatu wa mjini wachague mshindi. Mwaka huu hakuna majaji! Kila anayeingia aje na kiganja cha nafaka, aitie kwenye chombo anachokipenda. Chenye nyingi kuliko vyote ndicho mshindi. Nikapiga makofi peke yangu. Amon akadhani naua mbung'o.

Jumatatu, 1 Septemba

Kisanga na Kidete nao tumewajazia vyombo, watakuja. Leo Mikumi. Beda, meneja wa hoteli, kanionyesha ukumbi wake: kiyoyozi, zulia, dirishani swala wanakula majani. Anataka tamasha lote lihamie kwake, nami niwe na ofisi. Siwezi kusema sikutamani! Lakini nikamuuliza mama wa Kidete atapitaje pale getini na mahindi yake mkononi. Akacheka, akadhani natania. Basi nikamwambia alete wageni wake Kilosa. Kaahidi basi moja.

Ijumaa, 12 Septemba

WAMEJAA!

Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imefika relini. Mchele umefungwa kwenye pembe za khanga, mbaazi mifukoni, mtama kwenye kofia. Wageni wa Beda walikuja mikono mitupu, Mama kawagawia maharage na kuwasukuma mbele. Watu wa Kidete wakalalamika kwamba kikapu kidogo kikijaa kitaonekana kimeshinda. Haki yao. Sasa kila chombo kikifurika tunamwaga kwenye gunia lenye jina la mwenyewe, mchezo unaendelea. Bibi Kishiwa kasimama kando ya kibuyu chake kama bwana harusi.

Nimelia kidogo nyuma ya mlango. Kwa furaha. Acha nilie.

Jumamosi, 13 Septemba

Miguu. Koo. Watu wengi kuliko jana! Mzee Cosmas hajaonekana.

Jumapili, 14 Septemba

Saa nane mchana. Naandika nimekaa juu ya robota.

Mshindi ni chungu cha Kidete. Bibi Kishiwa wa pili — kadai tupime upya, tumepima upya, bado wa pili, kapiga vigelegele kushinda mshindi mwenyewe. Wenye vyombo wakakubaliana nafaka yote ipikwe. Makande, masufuria tisa. Hakuna aliyeondoka.

Na lori la mahindi limekuja. Mfanyabiashara hakungoja! Limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, likakuta akina mama na masufuria, wala hawajasogea. Dereva akapiga honi mara mbili. Mara ya tatu akazima injini, akateremka, ananawa mikono.

Mzee Cosmas naye kafika. Ana karatasi mbili za mkataba mfukoni, nimeziona. Nikamsogelea, shikamoo Mzee, umeamuaje? Bibi Kishiwa akanikata: mtu mwenye njaa haulizwi. Akamketisha, akampa sahani.

Kala sahani ya kwanza huku anatazama watu. Mfanyabiashara kasimama kando ya lori lake, anaangalia saa.

Sasa hivi Mzee kanyoosha sahani aongezewe. Na ananiuliza, makande bado mdomoni, mlango wa nyuma nao ukizibuliwa mwakani, wataingia wangapi zaidi —