Folda Yenye Jina Langu

Ukunda, Jumanne, 1998

Na mimi ndiye niliyejigamba kwa meneja wa hoteli kwamba skripti yangu, orodha ya amri niliyoiandika, ingeunda ile programu yao ya kugawa vyumba vya wageni kwenye kompyuta yoyote, iwe ya Linux kama yangu au ya Windows kama yao.

Leo hotelini ikagoma mbele ya watu. Nikasema, bila hata kuikagua, "Mashine hii imechezewa."

Bi Mwanamisi wa mapokezi akanijibu kwa adabu zake zile. "Niwie radhi, mwanangu. Labda ni mimi. Asubuhi niliipangusa vumbi."

Meneja akamkataza kuigusa tena. Jioni nilimkuta getini amejitanda leso. Alinipisha njia, mikono ameificha ndani.

Sasa nimeifungua skripti. Kuna mstari unaoiamuru itafute faili kwenye folda yenye jina langu, folda iliyomo kwenye kompyuta hii ya hapa nyumbani. Hotelini ingeipata wapi?

Mstari nimeshaurekebisha. Lakini, Mola anisamehe, wazo la kwanza lililonijia ni kumwambia meneja kesho kwamba ile mashine aliyoiharibu Bi Mwanamisi nimeshaitengeneza.