Sauti ya Tima Ndani ya Kanda ya Harusi

Jumatatu, 6 Juni 1994

Sasa hivi Tima ametumbukiza kipande cha mahamri ndani ya vidio ya Bi Zena, kisha akakaa chini kungoja picha. Nimekitoa kwa kijiti cha mshikaki. Sikumchapa. Ana miaka miwili na nusu, na humu ndani ni yeye na mimi tu tunaoamini kwamba mle ndani mna kitu.

Bi Zena ni mwenye nyumba wetu. Huchukua harusi za wanawake kwa kamera, Kisauni nzima, maana usiku wa kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, mwanamume haingii wala haoni kanda. Kazi yangu ni kumtazamia kanda zilizokwisha, kama picha hairuki. Natazama hata zisizoruka.

Nilivyovipenda mpaka leo: ua la asumini linalofunguka likawa jina la bibi harusi. Picha inayovunjika kama vigae, vigae vikajipanga upya, kumbe ni mtu mwengine. Herufi za dhahabu zinazotoka mbali. Kompyuta ndiyo huchora. Lakini pana mtu aliyeiambia. Nataka kuwa mtu huyo.

Na muziki. Filamu moja ya Kizungu ilionyeshwa kwenye televisheni. Hadithi yake nimeisahau. Mwishoni vinanda vinapanda polepole, bila maneno. Niliibandika redio kaseti kwenye televisheni, nikaunasa. Katikati Tima ameita, "Mama!" Ndivyo nilivyouzoea. Bila yeye hautimii.

Jumatano, 8 Juni

Mwenye kompyuta ni Hamisi wa Kongowea. Bi Zena humpelekea majina tu, naye huyatia mwanzoni, penye weusi mtupu. Sasa kuna harusi ya watu wakubwa. Mama wa bibi harusi ataka maua juu ya picha zenyewe, kando ya uso wa mwanawe. Hamisi hawezi kutazama. Bi Zena hajui kompyuta.

Nikasema nitakaa mimi kwenye kompyuta. Mdomo ulitangulia.

"Wewe, na darasa lako la saba?"

Nikamwambia, na macho yangu pia.

Akacheka. Kanda ikimpendeza yule mama, nitakuwa mtu wake wa maua kila harusi. Isipompendeza, basi.

Sasa bado Athumani, mume wangu. Nimemwambia akila. Ameendelea kula.

Alhamisi, 9 Juni

Athumani amekataa. Mke wake hakai chumba kimoja na mwanamume. Nimefua mashuka yasiyokuwa machafu.

Ijumaa, 10 Juni

Mama mkwe amemwambia mwanawe, "Nitakwenda naye mimi. Una jengine?" Amekubali.

Sielewi. Huyu ndiye aiitaye vidio sanduku la mashetani.

Jumamosi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulipofika kwake, Hamisi aligeuza kiti akakabili ukuta. Mama mkwe akakaa katikati yetu na tasbihi yake, Tima mapajani. Hamisi anasema, mimi nafanya, kisha namweleza ninachokiona. Nikikosea yeye hajui. Lazima niseme mwenyewe kosa liko wapi. Kwa hivyo ilinibidi nielewe. Ua la kwanza lilitoka kama tofali. Kumbe kila kitu mle ni viraba vidogo vidogo, na uzuri ni kujua kiraba gani uache. La nne lilikuwa asumini.

"Fundi, shingo," akasema mama mkwe.

"Sijageuka, mama."

"Nimeiona yafikiri."

Bibi harusi alipoingia ukumbini nikatia muziki wangu. Hamisi, ambaye masikio hakukatazwa, akauliza kama kuna mtoto humo. Nikasema ni wangu, hadhuru. Akaniambia niendelee. Nilitaka asifu.

Jumanne, 14 Juni

Aibu.

Kanda ilichezwa jana kwa kina bibi harusi, nyumba imejaa wanawake. Bi Zena amenieleza amesimama mlangoni. Hakukaa. Ati asumini zikafunguka, vinanda vikapanda, mtandio ukafunuliwa, uso huo wa bibi harusi, na sauti ya mtoto: "Mama!"

Shangazi mmoja akauliza, "Kumbe keshazaa?"

Walicheka mpaka sinia la sambusa likaanguka. Bibi harusi akatoka mbio, akajifungia. Mamake ataka kanda nyengine Ijumaa hii, maana itapelekwa kwa wakwe zake Malindi. La sivyo Bi Zena asikanyage kwao tena. Mimi wala sikutajwa kwao. Mimi ni nani.

Wallahi sikufikiri. Sauti ya Tima naisikia kama pumzi yangu. Nani huzisikia pumzi zake?

Jumatano, 15 Juni

Tima haondoleki. Amefungamana na vinanda. Ukimkata, muziki unachechemea. Nimejaribu kwa redio kutwa.

Nilimkasirikia. Kisha nikaikasirikia hasira yangu. Hajui lolote, amelala mchana huu, kidole chake ndani ya sikio langu.

Neno lenyewe halina kosa. Limekuja mapema tu.

Limekuja mapema.

Alhamisi, 16 Juni

Tulikwenda tena watatu. Penye kuingia bibi harusi nimerudisha vigelegele vya ukumbini, vilevile vilivyokuwa. Vinanda nimevipeleka mwisho, wageni wakishaondoka. Asumini mbili zatoka pembe mbili, jina lake na jina la mumewe. Zinakaribiana polepole. Zinagusana. Hapo Tima anaita. Kisha nikachora ua la tatu, dogo, limefumba bado.

Mama mkwe akataka aone tena. Na tena. Tasbihi iko chini, hata hajui.

"Mwisho umetokaje?" Hamisi akauuliza ukuta.

Nikaanza kumweleza. Mama mkwe akanizuia kwa mkono. Akamweleza yeye, ua kwa ua, mpaka lile dogo.

Ijumaa, 17 Juni

Kanda imekwenda asubuhi. Hakuna habari bado. Wali umeungua. Nimechungulia barabarani mpaka jirani akauliza namngoja nani.

Jumamosi, 18 Juni

Bi Zena amekuja. Amekaa.

Walipofika mwisho, anasema, yule shangazi alifungua mdomo. Tima akamtangulia: "Mama!" Likabaki lile ua dogo kwenye kioo. Mama wa bibi harusi akasema, "Amina." Wakaitikia wote, na shangazi naye. Bibi harusi hakukimbia. Akauliza mtoto ni wa nani, Bi Zena akanitaja.

Alipoondoka aliacha kanda juu ya mkeka. Harusi ya Likoni. Mama mkwe ashauliza twenda lini, ati Hamisi si wa kuachwa peke yake na shingo ile. Athumani ameinamia chai yake, lakini nimemuona anatabasamu.

Upepo leo ni mzuri. Nguo zimekauka mapema. Nimekaa na penseli. Safari hii si asumini, nataka kilua. Kianze kimefumba, rangi ya samli, halafu petali moja moja, zisifuatane kama askari, ila kama

Tima aniita. Mara ya pili hii. Niimalize sentensi hii tu, kama vile mtu anapo…