Shingo Isiyo Yako

Mama yangu,

Bado nina kinyaa, na sitaki kukificha.

Jana darasani, hapa Saint Paul ughaibuni, mwalimu alituonyesha picha ya bibi mmoja wa Ulaya, iliyochapwa kwa bamba la shaba karne ya kumi na saba. Kola ya lesi, lulu shingoni, jina hana. Aliyemchonga naye hajulikani. Tukaulizwa: picha hii ilimfaa nani? Wenzangu wakasifu lesi. Mimi niliona mikwaruzo kuzunguka shingo. Mwalimu akatoa chapa nyingine: gauni lile lile, lulu zile zile, uso mwingine. Bamba lilikuwa limekwanguliwa, kichwa kikabadilishwa, chapa mpya zikauzwa. Wanunuzi walitaka cheo ukutani. Uso ungeweza kuwa wa yeyote.

Nilikukumbuka wewe, Mama, kwenye bango la msiba wako, kule mji wa jirani wa Coon Rapids. Baba mdogo alimpelekea fundi wa picha picha ya kichwa chako tu. Ukarudi na gauni la dhahabu, mkufu mzito, na shingo laini ya mwanamke tusiyemjua. Wewe, uliyesafisha vyumba vya hospitali na hata hereni ulizikataa! Na watu wakapanga foleni kupiga selfi na uchafu ule.

Shingo yako mimi naijua. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, nililala nimeiegemea, nikipapasa kovu la mafuta ya maandazi uliyokuwa ukiuza. Ulinipiga kikofi kidogo: "Acha kuichezea. Ni yenyewe ilikununulia iniforme ya shule." Kisha ukaniacha niendelee.

Sasa Baba mdogo anataka picha hiyo hiyo ichongwe kwenye jiwe la kaburi lako. Jana jioni nilimpigia simu kumkatalia.

"Batu batasema nini?" akafoka. "Batasema tulimuzika sawa masikini!"

"Baseme, Baba mudogo. Ile shingo haiko ya mama."

Akakata simu. Huenda asiniite tena nyumbani kwake, na inaniuma, kwa kuwa hapa sina ndugu mwingine.

Hata hivyo, leo asubuhi nimemwambia mchonga mawe aache picha. Yule bibi alibaki na lulu, jina likapotea. Wewe utabaki na jina lako, kwa herufi kubwa. Anayetaka kujua ulivyoonekana aje kwangu. Nitamwonyesha kwa kidole, kwenye shingo yangu, kovu lako lilipoanzia na lilipoishia.

Lala, Mama.

Ni mimi, binti yako wa pekee.