Ngazi ya Mita Kumi

3 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Kosa wanalofanya wengi wanapoanza trigonometria ni kushika kikokotoo kabla ya kushika penseli. Nimelitanguliza hilo hata kabla ya salamu kwa sababu nakujua: barua zangu unasoma mistari mitatu, kisha unazitia mfukoni. Haya sasa, hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, ni goti tu linalonisumbua nikipanda ngazi.

Unasema mwalimu wenu anakwenda mbio na huoni anakoelekea. Basi chora. Ngazi ya mita kumi imeegemea ukuta, na pale chini imefanya pembe ya nyuzi thelathini na sakafu. (Najua hakuna fundi anayeegemeza ngazi hivyo, itateleza. Hii ni ya kwenye karatasi.) Je, inafika juu kiasi gani ukutani? Chora sakafu, ukuta na ngazi, sentimita moja iwe mita moja, halafu pima kwa rula. Ukimaliza ndipo utumie sini, ambayo si uchawi: ni kimo cha ukutani ukikigawanya kwa urefu wa ngazi. Nilifundisha hesabu hadi nywele zikawa nyeupe, na aliyechora kwanza alijua mapema alipokosea.

Niandikie umepata ngapi.

Shangazi yako

19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Pole na goti. Mimi mwili mzima, kichwa ndicho sijui. Kifua kimepona.

Sijachora, usinikasirikie. Darasani hakuna anayechora, kila mtu anabonyeza tu, na mimi nikichelewa nabaki nyuma. Jaribio la kwanza nimeanguka. La pili nimeanguka. Karatasi nzima ni mikasi myekundu ya makosa, na pembeni mwalimu ameandika, "Karibu, lakini siyo." Swali la pili, karibu lakini siyo. La tatu hivyo hivyo. Afadhali angeandika kwamba mimi ni mjinga, ningejua pa kuanzia.

Jaribio la mwisho ni wiki ya tatu ya Machi. Nikianguka na hilo, naondolewa kwenye kozi ya upimaji ardhi. Shangazi, siwezi kukaa. Nikifungua kitabu miguu inataka kuondoka. Nazunguka chumba hadi jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Naomba unitumie kanuni zote, mstari mmoja mmoja, maelezo usiweke.

Mwanao, Kiherehere

2 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Goti linaendelea vizuri, limezoea kulalamika kama wewe.

Kanuni sitatuma. Unazo kitabuni, na hazijakusaidia. Lakini kuna jambo jingine. Dada yako anasema amekuona karakanani kwa bosi wako wa zamani, mnaongea na kucheka. Ni kweli? Kuchomelea madirisha ni kazi ya heshima, na ukiipenda irudie. Ila uliiacha mwenyewe, ukaniambia umechoka kufunga madirisha kwenye nyumba ambazo wengine ndio walioamua zisimame wapi. Nataka kujua kama umebadili nia au umekimbia.

Na ukiondoka, usiondoke na ngazi yangu. Jibu lake bado nalisubiri.

Shangazi yako

11 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Mimi nimeamua. Jumatatu narudi karakanani. Bosi aliponiona alisema, "Profesa huyo! Miwani yako ya kuchomelea bado iko kwenye msumari." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ile miwani kukaa pale muda wote, kana kwamba walijua nitarudi, imeniuma kuliko mikasi yote ya mwalimu.

Ngazi yako nimeichora, usije ukasema sikukuaga vizuri. Kwa rula kimo ni sentimita tano. Kwa kikokotoo ni 4.54. Nikaona mchoro umepinda, nikachora upya. Tano. Nikaazima rula nyingine. Tano. Unaona? Hata rula hazinitaki. Kikokotoo hakina kosa, karibu kipya. Niliuziwa na mwenzetu aliyeacha kozi hii mwaka jana, akisema hesabu zimemshinda. Na mimi nitamuuzia mwingine.

Mwanao, Kiherehere

13 Machi, kwa mkono wa dada yako

Usikiuze! Salamu baadaye.

Rula zako ni nzima na mchoro wako ni mzuri. Nilipoona 4.54 nilisimama, goti nikalisahau. Sikiliza. Pembe mraba sisi tunaigawa nyuzi tisini. Wapo wapimaji walioigawa sehemu mia, na vikokotoo vingi vinajua njia zote mbili. Chako kimewekwa kwenye ile ya mia. Ukibonyeza thelathini, chenyewe kinaelewa thelathini za wale, ambazo kwetu ni nyuzi ishirini na saba tu. Ndiyo sababu kila mara ulikuwa karibu, lakini siyo.

Tazama ukingo wa juu wa kioo chake. Kuna herufi G, ndogo kama chawa. Bonyeza kitufe cha kubadili hali mpaka ije D, ndiyo ya nyuzi zetu. Kisha rudia ngazi.

Shangazi

27 Machi

Shikamoo Shangazi, shikamoo tena,

Goti linasemaje? D ilikuja, na ngazi ikatoa tano. Nilikaa sakafuni nikiitazama ile tano. Dada akauliza, "Umefiwa au umeshinda bahati nasibu?"

Jumatatu ile nilikwenda karakanani kumwambia bosi ile miwani ampe mtu. Jaribio nikalifanya, nikachora kila swali. Mwalimu akapita akauliza kama nahamia kozi ya uchoraji. Nimepita, Shangazi! Sikung'ara, ila nimepita.

Sasa tumeingia tanjenti na siwezi kutulia, ila safari hii ni kwa raha. Jana nilikuwa na haraka hata yule aliyeniuzia kikokotoo nikampungia mkono tu. Siku hizi anapakia mifuko kwenye duka la saruji karibu na chuo.

Mwanao, Kiherehere

30 Machi

Mwanangu,

Hongera. Nimemsomea barua yako kila aliyepita mlangoni, hata mtu wa kusoma mita ya maji, ambaye hakuomba.

Lakini pale ulipotaja saruji nimerudi kupasoma mara kadhaa. Aliacha kozi akiamini hesabu zimemshinda. Alizifanya kwa kikokotoo kipi? Huenda kweli zilimshinda. Huenda herufi ile uliibadili wewe bila kujua, baada ya kukinunua. Mimi sijui, wala wewe hujui. Anayeweza kujua ni yeye tu, akitazama karatasi zake kama zimeandikwa "karibu, lakini siyo".

Tanjenti itakungoja. Leo, kabla duka halijafungwa, chukua kikokotoo uende ukamwoneshe ile herufi.

Shangazi yako