Ile Sahihi Uliyoitaka

Mchumba wangu wa zamani,

Habari zako zimenifika, tena kwa redio, chombo kilekile kilichotukutanisha. Juzi nilikuwa hapa Pasiansi nachambua dagaa, nimewasha stesheni mpya ya mjini, mara nikasikia sauti yako ikitokea huko ughaibuni uliko. Mtangazaji alikuuliza kwa nini ile darubini kubwa ya redio haikujengwa Mwanza. Ukajibu kwa ile sauti yako ya kusoma somo kanisani: "Tuliponzwa na hisia za mjumbe mmoja."

Hukunitaja jina. Basi nami sitakutaja lako, lakini kujibu nitajibu, na hadharani, hapa gazetini, maana wewe hukuninong'oneza.

Nianze na mazuri, kwa kuwa yalikuwepo. Unalikumbuka jua? Tulikuwa walimu wa fizikia shule moja, wewe umetoka Bukoba na Kiingereza chako cha kunyoosha, mimi Msukuma wa hapahapa. Miaka ile kila mwenye duka aliyepata faida alipandisha dishi la televisheni juu ya paa. Ukaokota moja bovu, ukalifunga kwenye baiskeli iliyopinduliwa, ukalielekeza juani mchana kweupe mbele ya darasa zima. Spika ikatoa shhhh ndefu. Ulipoligeuza pembeni, ikafifia. Ukanigeukia ukasema, "Sikia, linakaanga dagaa." Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimependa, jua na wewe kwa pamoja, na sijui kipi kilitangulia.

Ndiyo maana mradi ule wa kimataifa ulipokuja kutafuta mahali nililia kwa furaha, na ulinifuta machozi wewe. Ulipewa uratibu wa mradi hapa nchini. Mimi nikaingizwa kwenye kamati ya washauri wa kisayansi, mwenyeji peke yangu katikati ya wageni. Kazi yako ilikuwa kuandaa taarifa ya eneo; kazi yetu kuikagua kabla nguzo hata moja haijasimikwa. Ukanitania kwamba basi hata ndani ya nyumba itakuwa hivyo, wewe unapika hoja na mimi naonja chumvi. Nikasema sawa, mradi usikasirike nikikwambia imezidi.

Darubini ya redio haitazami, inasikiliza. Inataka mahali palipotulia, pasipo mitambo ya kurushia sauti wala injini zinazounguruma. Ukapapata: uwanda wa nyasi mbele ya Usagara, karibu na kwa mjomba wangu. Ulipima masika, na vipimo vyako vilikuwa vizuri, sijawahi kubisha. Kisha ukaandika chini yake: "Eneo tupu, halitumiki."

Tupu! Na ulikuwa umefika pale na mimi. Ulimwamkia mjomba, "Shikamoo," akaitika, "Malahaba, mkwe," ukamuuliza mbona poli zuri hivi limelala bure. Ndiyo, ulisema poli badala ya pori, ukimwigiza, na sote tulicheka. Mjomba akakujibu, "Wewe ndizi, nyasi utazijulia wapi? Hiyo si poli. Hiyo ni ngitili."

Nilikueleza njia nzima ya kurudi. Kwamba ngitili ni malisho yanayofungwa masika, ng'ombe hatii mguu, mtu hakati hata fito, ili nyasi zikue zingojee kiangazi. Kwamba pakiwa kimya namna ile ujue pana mwenyewe. Ukasema kwenu Bukoba ardhi isiyo na mgomba ni ardhi iliyokosa mtu. Kosa la namna hiyo angelifanya Mhaya yeyote, nami ningelisamehe kwa utani. Ila wewe ulikuwa umeambiwa. Kama ulisahau au ulijisahaulisha, mpaka leo sijui.

Siku ya kikao, katika ile hoteli ya kando ya ziwa, mwenyekiti wetu, mzee mpole wa Kizungu, aliuliza kama kuna pingamizi la kisayansi. Nikasema lipo. Kimya kilichopimwa ni cha masika, pale panapofungwa. Pimeni tena kiangazi, panapofunguliwa, na neno "tupu" lifutwe, kwa sababu pana wenyewe na hawajaulizwa. Sikusema mradi usije. Nilisema tupime tena. Ulikuwepo, ulisikia.

Wakati wa chai ukanivuta barazani.

"Wafadhili hawana subira," ukasema. "Kuna nchi nyingine inawanyemelea. Tia saini, mambo ya nyasi tutayamaliza wenyewe."

"Tutayamaliza na nani? Ng'ombe watakula wapi?"

"Mpenzi, dunia imefunguka. Kila mtu anatafuta mwekezaji, wewe unatafuta majani?" Kisha ukashusha sauti. "Na wazee wangu wanapanda meli wiki hii kuja kwenu kuleta posa. Niwaambie nini? Kwamba mke mtarajiwa amenivua nguo mbele ya Wazungu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikikataa nakosa vyote, darubini na wewe. Naomba wasomaji wajue kwamba nilielewa. Sikuwa mjinga wala sikuwa jasiri.

Lakini wewe siku zote ulisema saini, na mimi mama alinifunza kusema sahihi. Neno hilohilo ni jina unaloliweka chini ya maandishi, na ni jambo lisilo na kosa. Nikakwambia, "Siwezi kutia sahihi kwenye kisicho sahihi." Ukacheka kicheko kikavu. "Hapa si darasa la Kiswahili." Ukarudi ndani. Na kwa kuwa taarifa ilihitaji sahihi za wajumbe wote, haikwenda.

Meli ilifika, wazee wako hawakushuka. Wafadhili wakahamia kwingine na wewe ukawafuata. Mimi nikabaki na jina sokoni: "mwanamke aliyefukuza wawekezaji." Muuza nyanya mmoja aliniuliza kama kweli nimekataa nyota zisijengwe kwetu. Nilinunua nyanya zake nikamwambia ndiyo, nimekataa, nifungie.

Kiangazi kilipokuja nikachukua kipokezi kidogo cha redio cha shuleni kwetu, nikaenda kwa mjomba. Ngitili ilikuwa imefunguliwa. Ng'ombe wamejaa, wachungaji wanapigiana miluzi, na barabarani yanapita malori ya wanunuzi wapya wa pamba, kila kampuni na redio yake ya upepo. Nikavaa visikilizio. Karani mmoja alikuwa anapasua koo: "Magunia! Magunia hayajafika Usagara, ova!" Nilicheka peke yangu hadi mjomba akanionea huruma. Hiyo ndiyo nyota ya kwanza ambayo darubini yako ingeisikia.

Unasema hisia. Ndiyo, nilikuwa nazo, na ninazo. Ninakukasirikia kwa kusema uongo redioni, na siku nyingine ninakukumbuka, hayo mawili yanakaa nyumba moja na hayagombani. Lakini pingamizi langu halikuwa hisia, lilikuwa majira ya mwaka, na majira hata huko ulipo yanafundishwa. Ukija kesho na taarifa ileile, nitaikataa tena.

Lile dishi letu bado liko shuleni. Wiki hii nililitoa uani, nikalielekeza juani mbele ya wanafunzi wapya. Shhhh. Nikawaambia linakaanga dagaa, wakacheka kama wale wa kwanza. Sikuwaambia nani aliyeanza kusema hivyo.

Uwasalimie wazee wako, sina ugomvi nao. Na kwa kuwa uliitaka sana sahihi yangu, nimekutumia. Maneno yaliyo juu yake nimeyapima masika na nimeyapima kiangazi.

Aliyekuwa mchumba wako,
mjumbe mmoja.